Mahali Sauti Inapopasuka

Nilianza kuogopa siku gari la mama mmoja wa mtaa wa Kinindo, hapa Bujumbura, liliporudi kwenye karakana yetu. Si kwamba gari kurudi ni ajabu. Magari hurudi, mtu unamfungia redio vizuri, kesho yake shemeji yake amechokonoa nyaya, na anarudi kwako akiwa amenuna. Lakini gari hili lilirudi na spika zake ndogo za juu, zile tunazoziita twita, zimeungua kushoto na kulia, na aliyelipimia sauti ni mimi, kwa mikono yangu na masikio yangu. Sikuwa na mtu wa kumsingizia.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi hudhani ni kazi ya kelele tu. Ninafunga muziki ndani ya magari. Karakana yetu iko pembeni ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, ua uliozungushiwa mabati kati ya bohari la saruji na jamaa wanaokata vyuma na kuchomelea mageti. Mle ndani tuko wawili, mimi na mwenzangu mmoja Mkongomani wa Uvira, mtu mzima mwenye mke na watoto, fundi mzuri mwenye mdomo mrefu kuliko waya wote tulionao. Yeye huvuta nyaya na kufunga spika. Kazi ya mwisho, ya kuipa ampli, yaani kikuza sauti, kiasi chake, ilikuwa yangu.

Ampli ina skrubu ndogo ubavuni ambayo sisi huiita gain, kwa Kifaransa chetu cha mtaani. Wateja karibu wote huamini kwamba hiyo ndiyo sauti, na kwamba ukiizungusha mpaka mwisho umepata nguvu yako yote. "Fungua yote, usinifichie," wananiambia, kana kwamba nataka kubaki na nyingine nikapikie nyumbani. Hapana. Kazi ya skrubu ile ni kupatanisha redio na ampli, ili redio ikinong'ona ampli isikie, na redio ikipaza ampli isizidiwe. Ampli ina kimo chake, na kimo hicho hutegemea umeme unaoingia. Sauti hupanda na kushuka humo ndani kama mtoto anayeruka juu ya kitanda. Akirushwa kupita kiasi kichwa kinagonga dari. Vilele vya sauti vinakatwa, vinabaki bapa, na sauti iliyokatwa hivyo hutoa ukali ambao mwimbaji hakuuimba. Hapo ndipo tunasema inapasuka. Ukali huo hukimbilia kwenye twita, ambazo waya wake ni mwembamba kama unywele, na twita hupata moto, hunuka, hunyamaza.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kutafuta mahali sauti inapopasuka, kisha kurudi nyuma kidogo. Mteja huja na wimbo wake kwenye flashi, mara nyingi kwaya ya kanisa lake. Nafunga vioo. Mwenzangu anaacha kugonga. Hata jamaa wa mageti, nikiwapigia bati, husimamisha msumeno wao. Napandisha redio, nashika bisibisi, nazungusha polepole huku macho nimeyafumba, na pale sauti za wanawake zinapoanza kuota miiba nasimama na kurudisha skrubu kwa upana wa ukucha. Sikutumia chombo. Wenye gari walikuwa wakisema mzee huyu anasikia mpaka sisimizi akikohoa, na mimi nilikuwa najifanya sikusikia, kwa raha.

Basi, zilipoanza kurudi twita zilizoungua, sikushtuka. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la kweli. Mafuta ya gari yamekuwa ya shida Bujumbura, kila mtu anajua. Watu hulala foleni kwenye vituo. Wanazima injini ili wasiunguze ile essence kidogo iliyobaki, wanafungua milango, wanasikiliza muziki. Sasa ampli iliyopimwa injini ikiwaka inapata umeme uliojaa. Injini ikizimwa, betri inaanza kuchoka, dari linashuka, na muziki ule ule uliokuwa salama jana unaanza kugonga kichwa. Mtu yuko foleni anacheka na wenzake, anaona sauti imekuwa kali kidogo, anadhani ndiyo utamu. Jioni twita zimekufa.

Nilikuwa nawaeleza hivyo wote waliorudi. "Foleni ndiyo iliyoua, si mimi." Walikubali. Walikuwa wamechoka na foleni hata kuliko nilivyodhani, na kuilaumu kwa kitu kingine kimoja zaidi hakukuwasumbua. Nilibadilisha twita, nikapima upya, wakaenda zao.

Kisha akaja mama wa Kinindo. Ni mtumishi wa serikali, mpole, anaongea taratibu kama anayesoma. Nilianza wimbo wangu wa foleni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akasema:

"Papa, mi sipigake muziki gari ikiwa imezimwa. Na kwa foleni siendake. Chauffeur wa bwana yangu ndio anaendaka kutafuta essence, na gari yake, apana hii."

Nilimwambia aniachie gari, akakaa kwenye benchi nje ya geti, kwenye kivuli. Mwenzangu akafunga twita mpya. Nikaingia, nikafunga vioo, injini ikiwaka, wimbo wa kwaya yake ukaanza. Nikazungusha. Nilisikia besi vizuri, nilisikia wanaume, nilisikia wanawake, laini, hawana hata mwiba mmoja. Nikazungusha tena kidogo. Laini. Nikafikiri, hii ampli kweli ina nguvu. Nikazungusha tena.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mwenzangu alikuwa ameingiza mwili mzima ndani, mkono wake ukapita mbele ya uso wangu, akazima redio.

"Mukubwa! Unafanya nini? Iko napasuka! Iko nalia sawa bati! Auko nasikia?"

Alikuwa upande wa pili wa ua. Vioo vilikuwa vimefungwa. Yeye alikuwa ameisikia kutoka huko, na mimi niliyekaa katikati ya sauti ile nilikuwa nimefumba macho nikiburudika.

Nilisema nilikuwa najaribu kitu. Nadhani nilisema nilikuwa naipima ampli uvumilivu wake, maneno yasiyo na maana yoyote. Akaniangalia. Kisha akacheka, kwa sababu yeye hucheka, akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa, mukubwa," akarudi kwenye kazi yake. Ni methali ambayo watu huisema kwa mkaidi, na yeye alikuwa ananitania ukaidi wangu kama kila siku. Lakini mimi nilibaki mle ndani ya gari nimeshika bisibisi. Niliogopa vile nilivyoogopa nikiwa mdogo.

Maana nilijua. Fundi wa sauti hawezi kutojua. Kupasuka huanzia juu, kwenye sauti nyembamba, na mtu asiyesikia juu hawezi kusikia kupasuka mpaka kumeshafika kwenye mifupa. Nilikuwa nimetumia maisha yangu yote kati ya spika na msumeno wa vyuma, na juu kulikuwa kunazimika. Sijui tangu lini. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba hakukuwa na siku niliyoweza kusema jana nilisikia na leo sisikii. Na nikipoteza sikio sina kitu kingine. Sikusoma sana, mgongo wangu hauwezi magunia, na hakuna mtu atakayempa kiziwi gari lake alipimie kwaya.

Gari la mama yule nilimwachia mwenzangu alimalize, nikisingizia kichwa kinauma.

Kuanzia hapo nikawa kama mtu anayeshuku kwamba nyumbani kwake kuna nyoka. Kila kitu nilikikagua. Nikiamka nilisugua vidole karibu na sikio, kulia, kushoto. Kulia nilisikia kitu kama karatasi. Kushoto sikusikia kitu. Nikasugua kwa nguvu zaidi mpaka ngozi ikauma. Wakati wa mvua, mke wangu alilalamika kwamba mbu wanamwimbia, nami nikamwambia mbu wameisha. Aliwasha taa akanionyesha mmoja, ameketi juu ya shuka, upande wangu. Simu ilipolia mezani, mjukuu wetu alinyoosha kidole kuielekea, na mimi nilikuwa nimekaa karibu nayo kuliko yeye.

Kazini nikaanza kutumia kipima umeme. Njia ipo na ni nzuri: unacheza sauti moja isiyobadilika badala ya wimbo, unatoa spika, unapiga hesabu ya volti ambazo ampli inapaswa kutoa, unazungusha mpaka kipimo kinafika hapo, unaacha. Haihitaji sikio. Mwenzangu alifurahi sana, akasema hatimaye mukubwa ameingia karne hii. Sikumwambia kwamba naificha aibu nyuma ya namba. Na hata hivyo namba hazikunitosha, kwa sababu mwisho wa yote mteja huingia ndani, unacheza wimbo wake, mnakaa kimya pamoja mpaka uishe, ndiyo desturi yetu, na yeye anakuangalia usoni kuona kama umeridhika. Nilikuwa nakaa pale nikitazama uso wake yeye. Akikunja kipaji napunguza. Akitabasamu natabasamu. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni hata vioo vikiwa wazi.

Nyumbani mke wangu hakudanganyika. Ananijua, yule. "We mwanaume," aliniambia, "unanijibiaka vitu sijakuuliza. Nakuuliza chumvi, unaniambia habari za Jumapili." Nilikasirika. Nilimwambia aongee kama mtu, aache kumung'unya. Akageukia sufuria yake, na mimi nikajiona mnyonge, kwa sababu mwanamke huyu huimba sauti ya kwanza kanisani na katika maisha yake hajamung'unya neno.

Halafu ilitokea ya pikipiki. Tulikuwa tunatoka kanisani na kigari changu, mke wangu pembeni, mjukuu amelala nyuma. Kwenye njia panda nilitazama kushoto, nikakunja. Mke wangu akapiga ukelele na kunishika mkono, nikakanyaga breki, na pikipiki ikapita mbele ya boneti, karibu kabisa, dereva wake akitutukana mpaka alipotokomea. Alikuwa akipiga honi, mke wangu alisema. Alikuwa akiipiga tangu mbali. Mtoto aliamka akaanza kulia. Mimi nilizima injini katikati ya barabara, nikashindwa kuiwasha, mikono haikunitii. Watu walikuwa wanatupigia kelele. Sikusikia wanasema nini na sikujali.

Mke wangu hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, tulipofika, "Mficha uchi hazai. Kesho tunaenda kupima." Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo mjukuu hakuingia tena kwenye gari langu. Kila Jumapili kulikuwa na sababu: ana mafua, shangazi yake atamchukua, leo tutembee kwa miguu, ni vizuri kwa afya. Nilijua. Naye alijua kwamba najua.

Hiyo kesho ilisogea, ikasogea, mimi nikiwa na kazi nyingi ambazo hazikuwepo, mpaka mke wangu akaja mwenyewe karakanani amevaa kitenge cha kutokea. Mwenzangu akaniambia nenda, mukubwa, gari hizi azikimbiake. Nikaenda.

Mahali pale pa kupimia masikio palikuwa na kijichumba kidogo ndani ya chumba, kimefunikwa sponji ndani, kama sanduku la spika. Nilikitambua mara moja kwa kazi yangu, na badala ya kunituliza kilinitisha, maana mimi najua kinachotokea ndani ya sanduku. Aliyenipima alikuwa binti mwenye koti jeupe na sauti nzuri, nene, ambayo niliisikia yote. Alinivika spika za masikioni, akanipa kitufe.

"Papa, ukisikia kasauti, ata kadogo, unafinya apa. Usiogope."

Alifunga mlango. Palikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia Bujumbura. Nilisikia damu yangu. Mbele yangu kulikuwa na kioo kidogo, na nje ya kioo alikuwa yeye, ameinamia mashine yake upande upande, namwona bega na kiwiko.

Sauti ikaja, nene. Nikafinya. Ikaja nyingine, nyepesi zaidi. Nikafinya. Kisha bega lake likasogea kidogo na hakuna kilichokuja.

Nikafinya.

Kidole kilienda chenyewe. Sikupanga. Bega lilisogea tena, nikafinya tena, na moyo ulikuwa unapiga mpaka niliogopa utaingia kwenye mashine. Nikagundua kwamba kabla ya kila sauti kiwiko kinashuka, kidogo tu, na kwamba macho yangu bado ni mazima. Nilifuata kiwiko kile kama nilivyokuwa nafuata nyuso za wateja. Kikishuka, nafinya. Kimya kilikuwa kimetanda masikioni mwangu, na mimi nafinya tu, kwa wakati, kama mtu anayesikia kila kitu.

Alipofungua mlango alikuwa anacheka.

"Papa, we uko na masikio ya kijana! Ata ba-étudiants ba chuo abapatake hivi."

Mke wangu alikuwa kwenye baraza. Binti alimwambia mwenyewe, kabla sijafungua mdomo. Mke wangu akafumba macho, akashukuru Mungu kwa sauti, mikono yake imeshikana kifuani, na machozi yakamtoka. Sikujua kwamba alikuwa ameibeba hofu kubwa kiasi hicho. Alinishika mkono, kitu ambacho hatufanyi mbele za watu.

"Basi ilikuwa uchovu tu," alisema. "Unajua, mi nilikuwa naogopa kukuambia. Nilikuwa namunyima mutoto kupanda na we. Unisamehe. Jumapili utupeleke Kajaga, ku ziwa, sisi wote, acheze mu mai. Utamubeba mbele, anapendaka kukaa mbele."

Nilimwona mtoto mbele, kwenye kiti cha pembeni, miguu yake haifiki chini. Niliona njia panda. Hofu niliyokuwa nayo miezi yote hiyo, ya kuitwa kiziwi, ya kufunga karakana, ilikuwa bado ipo, yote, haikupungua hata tone. Ila sasa ilikuwa na nyingine juu yake, na hii ya pili ilikuwa na jina la mtoto, nami sikuweza kusimama nayo.

Nilimwambia mke wangu aningoje. Nilirudi ndani. Binti alikuwa anafuta zile spika za masikioni kwa pamba.

"Mwanangu," nilimwambia, "nipime tena. Lakini geuza kiti."

Alinitazama, akatazama kile kioo, akatazama mashine yake. Aligeuza kiti mpaka nikaelekea ukutani, kwenye sponji, akanivika tena, akanipa kitufe mkononi na kukikunjia vidole vyangu, taratibu, kama unavyompa mgonjwa kikombe.

Mlango ukafungwa. Sauti nene ilikuja, nikafinya. Ikaja ile ya kati, nikafinya kwa nguvu, kwa furaha kabisa. Nyingine, iliyo juu kidogo, ya mbali, kama mtu anaita ng'ambo ya mto. Sikuwa na hakika, nikafinya. Kisha akatulia. Nikafikiri ameitwa nje, au anaandika. Nilikaa nimenyoosha mgongo, kidole gumba kwenye kitufe, nikitazama vishimo vya sponji, nikijiambia usifinye, usifinye mpaka uisikie. Nilitega masikio kama sijawahi kutega kwa wimbo wowote. Nilimngoja. Nikaanza hata kumkasirikia kidogo, kwamba mtu yuko ndani hapa na hofu yake, na yeye yuko wapi.

Mkono uliniangukia begani, nikaruka. Nilivua spika ya upande mmoja, nikamwambia bila kugeuka kwamba niko tayari, aanze tu zile za juu.

"Tumemaliza, papa," alisema.